PANYA WA SHAMBANI NA SUMU YA BARABARANI

Mvua za mwezi wa tatu na za mwezi wa tisa zikianza, taabu ni ileile kwa wakulima wadogo wa kandokando ya Kampala na kwa wakimbizi wanaolima Nakivale, Kyangwali na Kyaka II. Mahindi yamepandwa leo, na baada ya siku chache kuna vishimo vidogo vinavyofuata mstari, punje hazimo. Huyo ni panya wa shambani. Anafukua mbegu tangu usiku wa kwanza, kisha anakata miche michanga kwa muda wa wiki mbili hivi. Huko Tanzania imekadiriwa kuwa panya hula karibu asilimia 15 ya mahindi kwa mwaka. Familia yenye kipande cha mita 30 kwa 30, kama vile vilivyogawiwa Bidibidi mwaka 2016, haina pa kufidia hasara hiyo.

Basi mtu akifika Kampala ananunua sumu. Owino na kwenye vituo vya teksi wachuuzi huiuza katika vipaketi vidogo, mara nyingi bila jina wala maelezo. Nyumbani inachanganywa na posho au dagaa, inawekwa shambani, na inayobaki inafichwa chini ya kitanda. Hapo ndipo watoto wanapoikuta.

Ndugu msomaji, sumu hizi si za aina moja. Iko ya unga wa kijivu, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, ambayo tumboni hugeuka hewa ya sumu na kuua haraka. Haina dawa yake maalum. Iko inayozuia damu kuganda, na dalili zake huchelewa siku kadhaa. Hiyo hutibiwa kwa vitamini K. Na vipaketi vingine vina dawa kali ya wadudu wa mimea. Asiyejua alichonunua hawezi kumweleza mganga, na mganga atapoteza muda akikisia.

Mtoto akimeza, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, ingawa wazee wengi huamini maziwa yanasaidia. Mpeleke kituo cha afya saa ileile, hata kama anacheza vizuri, na uchukue kipaketi.

Kuna hatari nyingine. Katika eneo la West Nile, na ng'ambo ya mpaka huko Ituri, tauni bado ipo. Inaenezwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wanamhama na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu. Kwa hiyo panya wengi waliokufa bila sababu ni habari ya kupeleka kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Usiwashike kwa mikono mitupu, wala usiwaruhusu watoto kuwachezea. Homa ya ghafla pamoja na tezi iliyovimba na kuuma kinenani, kwapani au shingoni haifai kungoja kesho. Tauni hutibika kwa dawa za kawaida za vituo vyetu ikiwahiwa.

Je, mkulima afanye nini? Kazi kubwa ni kabla ya kupanda. Panya hukaa kwenye majani marefu mipakani na kwenye mabua ya msimu uliopita, kwa hiyo fyeka na uondoe. Ukifyeka peke yako, wa jirani watahamia kwako. Jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na mimba yake ni wiki tatu tu na siku chache. Mpatane majirani wote wa mstari mmoja mfyeke na kutega wiki ileile, na kupanda siku zinazokaribiana.

Mtego rahisi ni ndoo iliyofukiwa hadi ukingoni, yenye maji nusu, na juu yake gunzi lililochomwa waya na kupakwa karanga za kusaga. Panya akipanda, gunzi linazunguka, anatumbukia. Mchana ifunikwe kwa ubao mzito, maana mtoto mdogo naye anaweza kutumbukia.

Mavuno yawekwe kwenye ghala lenye miguu ya mita moja, kila mguu ukiwa na bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Nafaka yenye mkojo au mavi ya panya isipikwe. Anayelazimika kutumia sumu anunue duka la pembejeo, ikiwa na lebo, na aulize jina lake kabla ya kulipa.