Mwanajeshi Akizidisha Pombe, Msaada Uanze kwa Mwenza Wake

Tangu 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani imekuwa ikiwauliza wanajeshi wake, kila baada ya miaka kadhaa, wanakunywa kiasi gani. Katika uchunguzi wa 2018, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti ya RAND, asilimia 34 ya waliokuwa kazini walikiri kwamba ndani ya siku 30 walikuwa wamekunywa vinywaji vitano au zaidi kwa kikao kimoja, au vinne kwa upande wa wanawake. Miaka sita kabla ya hapo, jopo lililoundwa na Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo lilikuwa limeshaiita hali hiyo janga la afya ya umma. Dodoso humfuata mwanajeshi, majibu ni yake, na mipango inayotungwa baadaye humlenga yeye. Anayelala naye kitanda kimoja, anayejua kwamba chupa imefichwa chini ya tairi la akiba na kwamba ahadi ya kuacha ilishatolewa Krismasi iliyopita na Pasaka iliyofuata, ni nadra kuulizwa. Hoja ya makala hii ni kwamba huyo ndiye wa kuanza naye, na kwamba kwa familia za jeshini mtandao ni mlango wa kwanza kabisa wa kumfikia. Sababu ya kuuchagua mtandao inatokana zaidi na jinsi jeshi linavyoendeshwa, na kidogo tu na maajabu ya teknolojia.

Tuanze na kwa nini mwanajeshi mwenyewe haendi kwa daktari. Mwaka 2004 Charles Hoge na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine utafiti wao juu ya wanajeshi waliorudi kutoka Iraki na Afghanistani. Miongoni mwa walioonyesha dalili za matatizo ya akili, waliokuwa wametafuta msaada walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu, na wengi walitaja hofu ya kuonekana dhaifu au kutendewa tofauti na wakuu wao. Kwenye pombe hofu hiyo ina msingi wa kisheria. Agizo la wizara la 2011 kuhusu siri za wagonjwa liliorodhesha hali ambazo mtoa huduma hana budi kumjulisha kamanda, na mojawapo ni mwanajeshi kuingia katika mpango rasmi wa matibabu ya ulevi. Wakubwa walikuwa wameuona ubaya wa kumjulisha kamanda hata kabla ya agizo hilo. Jeshi la nchi kavu lilianza majaribio ya matibabu ya siri mwaka 2009, na mwaka 2019 likaruhusu anayejipeleka mwenyewe atibiwe bila kamanda kuarifiwa. Hatua hizo ni nzuri, lakini uamuzi wa kwenda bado ni wa mnywaji, na mnywaji ndiye mtu wa mwisho nyumbani kukubali kwamba ana tatizo.

Mke naye, maana wenza wengi wa wanajeshi wa Marekani ni wanawake, amefungwa na hofu hiyo hiyo kwa kamba nyingine. Nyumba wanayoishi imekuja na kazi ya mume, bima ya matibabu ya watoto vilevile, na pensheni inayongojwa inategemea aimalize miaka ishirini bila doa kubwa. Familia huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo mama yake na dada zake wako mbali, na marafiki alionao ni wake wa watu wanaofanya kazi na mumewe. Akimlalamikia jirani leo, kesho habari iko ofisini. Akienda zahanati ya kambini, anakutana na watu wanaomsalimu mumewe kwa cheo. Haingii akilini kumwambia mtu wa namna hii kwamba mlango wa msaada uko wazi wakati umejengwa mbele ya macho ya kikosi kizima. Simu iliyo mkononi mwake saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala, ndiyo pekee isiyopita getini.

Hapo ndipo RAND ilipoingia na mpango uitwao Partners Connect, chini ya mtafiti Karen Chan Osilla. Ni vikao vinne vya mtandaoni vinavyofuatwa na mwenza peke yake, bila mwanajeshi kuhusishwa. Watafiti waliwapata wenza 312 kwa kutangaza mtandaoni, asilimia 95 wakiwa wanawake, kisha wakawagawa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa mafunzo papo hapo na wengine wakasubiri. Baada ya miezi mitano waliofundishwa walikuwa wamepungukiwa na wasiwasi na kuongezewa hisia ya kuwa na watu wa kuwategemea, kuliko waliosubiri. Vipimo hivyo vinamhusu mke. Msomaji anayetaka kusikia kwamba mume aliacha pombe atavunjika moyo, lakini nadhani mpango ulipima kitu sahihi. Mwanamke asiyelala usingizi ni mgonjwa kwa haki yake mwenyewe, na kupona kwake hakuna sababu ya kungojea mwingine aamue kuweka glasi chini.

Mafunzo hayo hayakutungwa hewani. Yametokana na njia iitwayo CRAFT, iliyokuzwa na Robert Meyers huko New Mexico ili kuwasaidia ndugu wa walevi wanaokataa tiba. Mwaka 1999 yeye, William Miller na Scott Tonigan walichapisha jaribio la watu 130 waliokuwa na jamaa mlevi. Njia tatu zilishindanishwa. Waliohimizwa kujiunga na Al-Anon, ambayo tangu 1951 imekuwa ikiwafundisha ndugu kuachana na jaribio la kumbadilisha mlevi na kuishughulikia amani yao wenyewe, walifanikiwa kumfikisha jamaa kwenye tiba kwa asilimia 13. Walioandaliwa kumkabili jamaa yao kwa mkutano wa ghafla wa familia nzima, asilimia 30. Waliofundishwa CRAFT, asilimia 64. Ni haki kukumbusha kwamba mmoja wa waliopima ndiye aliyeibuni dawa, na kwamba Al-Anon haikuanzishwa kwa lengo la kupeleka walevi hospitali. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kupuuzwa, na jambo la pili katika matokeo hayo linapendeza zaidi: ndugu wenyewe walipata nafuu katika makundi yote matatu, mlevi awe ametibiwa au hapana.

Kinachofundishwa ni nini hasa? Kwanza, kuuchunguza unywaji kama mtu anayefuatilia ratiba ya basi: anakunywa siku gani, wapi, na nani, nini kilitangulia, nini kinafuata. Mke hugundua, kwa mfano, kwamba tatizo haliko kwenye Jumamosi za karamu alizokuwa akizigombania, bali kwenye Alhamisi za kutoka zamu. Pili, kusema kwa wakati wake. Usimkabili mtu aliyelewa. Subiri asubuhi akili zikiwa zimetulia, sema kwa kifupi, jitaje wewe badala ya kumhesabia yeye makosa. “Jana ulipochelewa sikupata usingizi. Jumanne ulipokuwa hapa hujanywa, tulicheka na watoto, nikafurahi. Alhamisi hii nitapika mapema, njoo moja kwa moja.” Maneno hayo machache yanabeba fundisho zima: siku isiyo na pombe ipewe ladha, na siku ya pombe ikose mhudumu. Tatu, mke arudishe maisha yake mwenyewe, iwe masomo, kazi, ibada au mazoezi, bila kungoja ruhusa ya hali ya nyumbani.

Kisha linakuja somo gumu kuliko yote, ambalo kwa familia ya jeshini linahitaji akili ya ziada. CRAFT inataka mlevi akutane na matokeo ya ulevi wake. Mke asipige simu kazini kudai kwamba mume ana mafua, asifute matapishi, asilipe deni la kilabu. Kwa fundi wa magari, kukosa kazi siku moja ni kukatwa posho na kufokewa. Kwa mwanajeshi, kutofika mahali pa kazi kwa wakati ni kosa chini ya Kifungu cha 86 cha sheria ya kijeshi ya Marekani, na doa kama hilo linaweza kumfuata mtu mpaka siku ya kupandishwa cheo. Matokeo yanayomwangukia mume yanaingia pia kwenye sufuria ya watoto. Ndiyo maana ushauri wa jumla, uliochukuliwa kitabuni na kubandikwa kambini, unaweza kudhuru, na ndiyo maana ilifaa mafunzo yatungwe mahsusi kwa wenza wa wanajeshi. Mke anaweza kuchagua matokeo madogo kwanza: chakula kiliwe kwa wakati wake bila kuwekewa, safari ya wikendi ifanyike bila yeye, nguo alizolala nazo kwenye kochi zibaki hivyo alivyozilalia. Simu ya uongo kwa sajenti iwe msaada wa mwisho kuondolewa, na auondoe akiwa ameshajua itamgharimu nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mshauri aliyeko mbali afanye adabu hapo.

Pingamizi la kwanza, na zito, ni kwamba njia hii inamtwisha mwanamke mzigo usio wake. Amelea watoto peke yake mume akiwa vitani, amehamisha nyumba kila baada ya miaka miwili au mitatu, na sasa anapewa darasa la kumtibu mtu mzima. Ingekuwa hivyo ningekubaliana na wapingaji. Lakini kwa hali ilivyo mzigo tayari uko kichwani mwake. Anamfichia, anambembeleza, anagombana naye, anakesha. Kazi anaifanya kila siku, ila anaifanya bila maarifa na bila mwenzi wa kumsikiliza. Mafunzo yanayofaa yanamwonyesha kipi akitue. Tatizo litakuwepo pale ambapo waendeshaji watalihesabu kila jaribio kwa idadi ya waume waliopelekwa kliniki tu, maana hapo mke atageuzwa kuwa mtumishi asiyelipwa wa idara ya tiba, na mume akishindwa lawama itamwangukia yeye. Kipimo cha kwanza kiwe usingizi wake, wasiwasi wake, watu wake.

La pili ni usalama, na hapa sina jibu jepesi. Pombe, mafunzo ya mapigano na silaha iliyo kabatini havikai pamoja kwa amani, na ukurasa wa mtandaoni hauoni jicho lililovimba. Mwanamke anayeanza kubadili mwenendo nyumbani anaweza kumchokoza mtu mkatili. Kwa hiyo kuchuja hatari lazima kuwe swali la kwanza, kabla ya somo lolote, na anayejibu kwamba anapigwa aelekezwe kwa watu wa ukatili wa majumbani, asipewe zoezi la kupanga chakula cha jioni. Wapo wanaosema kwamba ndiyo sababu siri yenyewe ni kosa, kamanda ajue kila kitu. Wangekuwa na hoja iwapo kujua kwa kamanda kungewafanya wake wengi zaidi wajitokeze. Uzoefu wa mwaka 2009 na 2019 unaonyesha kwamba jeshi lenyewe liliona kinyume chake: watu walikuwa wanajificha.

La tatu husemwa na washauri nasaha, kwamba mashine haiponyi moyo. Pengine, ila ushahidi wa wanajeshi wenyewe ni wa kutia moyo. VetChange ya Marekani, iliyojaribiwa kwa wanajeshi wa zamani 600 waliotumika Iraki na Afghanistani na matokeo yake kuchapishwa 2013, ilipunguza unywaji kupitia masomo manane ya mtandaoni. Huko Uingereza, King's College London ilijaribu programu ya simu iitwayo DrinksRation kwa wanajeshi wa zamani 123, na watumiaji wakapunguza kiasi wanachokunywa kwa wiki kuliko kundi la kulinganishwa nalo. Hizo zote zinamshughulikia mnywaji. Zinathibitisha kwamba watu wa jeshi hawaogopi kufundishwa na simu. Hazithibitishi kwamba simu inatosha. Waliojiunga na majaribio haya walijitolea wenyewe, maana yake walikuwa tayari nusu ya njia, na majibu mengi ni ya kujieleza. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza.

Afrika Mashariki ina haki ya kuuliza jambo hili linatuhusu vipi. Uganda na Burundi zina wanajeshi waliopitia Somalia tangu 2007, Kenya iliingia huko Oktoba 2011, na Tanzania imezika vijana wake waliouawa Kongo mwaka 2017. Kila kikosi kilichokwenda kiliacha kota zenye wake wanaongoja, na kuta za kota zetu ni nyembamba kama za huko. Kenya tayari ina namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yaani 1192, iliyo nje ya mikono ya jeshi, na hilo la kuwa nje ndilo jambo la msingi kwa yeyote atakayetaka kujenga huduma ya wenza: taarifa zisikae kwenye kompyuta ambayo brigedia anaweza kuagiza ifunguliwe. Mengine ni ya kiufundi, nayo si madogo. Masomo yatungwe kwa Kiswahili cha watu wa kambini badala ya kufasiriwa kutoka ya Marekani, kwa sababu hata mambo ya kawaida kama tarehe ya mshahara na urefu wa likizo baada ya misheni ndiyo yanayoamua siku za hatari. Yawe maandishi na sauti fupi, yasiyomaliza bando. Na kwa kuwa simu ya mke mara nyingi hupekuliwa na mume, jina la huduma lisitaje pombe popote, na historia yake ifutike kwa kubonyeza mara moja.