Lugha katika Ulezi wa Watafiti Chipukizi: Mfano wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu malezi ya watafiti chipukizi wa sayansi nchini Tanzania imezoea kushughulikia fedha, maabara na vyeti. Suala la lugha huachwa mwishoni, na likitajwa huwa na maana moja tu: kijana ajifunze kuandika Kiingereza kizuri ili makala yake yakubaliwe na majarida ya nje. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo ni finyu. Mtafiti anayefanya kazi katika mwambao wa Ziwa Victoria hupitisha swali lake katika lugha mbili au tatu kabla ya kupata jibu. Andiko la utafiti huwa la Kiingereza, hojaji huwa ya Kiswahili, na mahojiano yenyewe huweza kuhamia Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza kabla jibu halijarudishwa kwa njia ile ile. Mlezi asiyemsindikiza mwanagenzi wake katika safari hiyo humwacha peke yake mahali ambapo neno moja lisilofaa laweza kuharibu takwimu za mwaka mzima, au kumnyima mtu haki ya kujua anakubali jambo gani.

Mwanza ni mfano unaofaa kwa sababu utafiti wa sayansi umekaa hapo kwa muda mrefu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake mjini humo, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980, inacho pia. Hospitali ya Bugando imekuwapo tangu mwaka 1971. Vijana wengi wamepitia asasi hizo wakiwa wahoji, wakusanyaji wa sampuli na wasaidizi wa maabara, na baadhi yao wamefikia uongozi.

2.0 Msimamizi, mlezi na mwanagenzi

Kwanza ni vyema kuyatazama maneno yenyewe. Vyuo vyetu humwita mwalimu anayeongoza tasnifu *msimamizi*. Kitenzi *simamia* kina picha ya mtu aliye wima juu ya kazi ya mwenzake, akihakikisha kwamba haiharibiki. Nyapara husimamia, na mtihani husimamiwa. Neno *mlezi* lina picha nyingine: anayelea hukaa karibu, hulisha, husahihisha matamshi, na hatimaye humwachia aliyelelewa aende zake. Wapo wanaopendelea *mnasihi*, ingawa neno hilo limeelemea mno upande wa ushauri wa matatizo binafsi. Kwa upande wa anayelelewa, Kiswahili kina neno *mwanagenzi*, ambalo mafundi seremala na waashi wamelitumia kwa muda mrefu kuliko maprofesa. Mwanagenzi hajifunzi kwa kusomewa. Hushika randa huku fundi akimtazama, naye humtazama fundi anaposhika randa.

Tofauti hii ya msimamizi na mlezi si ya kamusi tu. Msimamizi husoma rasimu ya mwisho. Mlezi huwapo wakati swali linapotafsiriwa.

3.0 Elimu ya mwaloni

Mwaka 1977 wanabiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza samaki wadogo wa Ghuba ya Mwanza ambao wavuvi huwaita *furu*. Kwa mvuvi neno hilo moja lilitosha. Kwa wanabiolojia lilifunika mamia ya spishi, nyingi zikiwa hazijapata jina la kisayansi. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo miwili na zaidi kabla ya hapo, aliongezeka kwa kasi na furu wengi wakatoweka, hata utafiti ulioanza kama kazi ya kuwapa samaki majina ukageuka kuwa kumbukumbu ya samaki waliopotea.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni kwamba neno *furu* lenyewe liliingia katika maandishi ya Kiingereza ya wanabiolojia hao na kubaki humo. Huu ni ushahidi mdogo wa mazungumzo ya kweli: mgeni alisikiliza, akachukua neno la wenyeji, akalitumia mbele ya wataalamu wenzake. Ushahidi mwingine ni spishi moja ya furu iliyoelezwa mwaka 2010 na kuitwa *Haplochromis katunzii*, kwa heshima ya Egid Katunzi, mtafiti wa TAFIRI aliyefanya kazi Mwanza. Katika taaluma hiyo, kumpa samaki jina la mtu ni njia ya kukiri deni.

Lakini neno moja lililopokewa vizuri lisitusahaulishe yale yanayopotea. Chukua hojaji ya kawaida ya uvuvi wa dagaa. Swali la Kiingereza hutaka kujua uzito wa samaki waliovuliwa siku iliyotangulia, na tafsiri nyepesi ni: "Jana ulivua kilo ngapi?" Mvuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri. Je, usiku huo ni wa jana au wa leo? Kwa hesabu ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa, na kwa hesabu ya fomu huanza saa sita za usiku. Isitoshe, mvuvi hahesabu kwa kilo, ana ndoo na karai. Na kama mhoji amefika wakati wa mbalamwezi, mvuvi hakwenda ziwani kabisa, kwa maana dagaa huvuliwa gizani. Jibu lake la "sikupata kitu" litaandikwa sifuri, na sifuri hiyo itasomwa mbali na ziwa kana kwamba dagaa wamepungua.

Saa zenyewe ni mtego. Anayesema alitega nyavu "saa mbili" ana maana ya saa mbili baada ya jua kuchwa au kuchomoza. Kijana aliyezoea kuandika kwa saa za Kiingereza akiwa amechoka ataweka 2 pale panapostahili 20. Mambo haya yote yanajulikana na kila mtu aliyekulia Igombe au Ukerewe. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kumwambia mwanagenzi kwamba ujuzi huo ni sehemu ya sayansi, na kwamba anapaswa kuusema kabla fomu hazijachapishwa.

4.0 Maneno ya hiari

Katika utafiti wa afya uzito wa maneno ni mkubwa zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika mkoani Mwanza utafiti uliolinganisha jumuiya 12 zilizopangwa katika jozi sita. Katika nusu yake huduma za kutibu magonjwa ya zinaa ziliboreshwa, na ilionekana kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliipa Mwanza jina duniani. Orodha ya waandishi wake yafaa kusomwa kama kumbukumbu ya ulezi: jina la nane ni la John Changalucha, mtaalamu wa maabara ambaye baadaye aliongoza kituo cha NIMR Mwanza.

Mwaka 2005 hadi 2009 Mwanza ilishiriki katika jaribio la jeli ya kuwakinga wanawake na virusi hivyo, lililoandikisha wanawake 9,385 katika Afrika Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia. Mwanza wanawake walioalikwa walikuwa wahudumu wa baa, mama lishe na wenzao, nao walijichagulia wawakilishi wa kuzungumza na watafiti. Ridhaa haikuchukuliwa kwa saini ya siku moja. Watafiti walirudia kuwauliza washiriki wameelewa nini kadiri jaribio lilivyoendelea.

Ugumu wa kazi hiyo waweza kuonekana kwa kutazama dhana mbili tu. Ya kwanza ni ile ya jeli isiyo na dawa, inayotolewa kwa baadhi ya washiriki ili kulinganisha. Tafsiri inayokuja haraka ni *dawa bandia*. Lakini dawa bandia, kwa Mtanzania yeyote, ni ile inayouzwa na walaghai, na mtafiti anayetamka maneno hayo amejitangaza mwizi. Afadhali maelezo marefu: "jeli inayofanana na nyingine kwa kila hali ila ndani yake hamna dawa." Dhana ya pili ni ya kugawa washiriki katika makundi bila upendeleo. *Bahati nasibu* ni jina la mchezo wenye zawadi, hivyo aliyepangiwa kundi moja atajiona ameshinda na mwenzake ameshindwa. *Kupiga kura* huleta fikra za uchaguzi, japo maana yake ya zamani ya kuamua jambo kwa kura iko karibu zaidi na inayotakiwa.

Hata vitenzi vidogo vina historia. Kusema "tunakuja kuchukua damu" si sawa na "tunaomba kupima damu yako." Hofu ya mumiani, wanaonyonya damu za watu, ilienea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na kitenzi *chukua* huiamsha. Vivyo hivyo mtu anayeambiwa kwamba majibu yake ni *chanya* anaweza kushukuru Mungu, kwa kuwa katika matumizi mengine ya lugha chanya ni jambo jema.

5.0 Adabu na kutokubaliana

Inadaiwa mara nyingi kwamba vijana wa Kitanzania hawaulizi maswali mbele ya wakubwa wao. Madai hayo yanastahili kupimwa kwa makini. Kijana anayeanza kwa "shikamoo" na kuitikiwa "marahaba" hajafungwa mdomo, amekwisha kuweka uhusiano ambao ndani yake upo utaratibu wa kupinga. "Naomba nieleweshwe hapo" mara nyingi huwa ni pingamizi. "Labda sikuelewa vizuri" ni pingamizi zito zaidi. Na "sawa" fupi, iliyotamkwa kwa sauti ya kushuka, pengine ndiyo nzito kuliko zote. Mlezi aliyelelewa katika lugha hii huzisikia ishara hizo, iwapo anataka kuzisikia. Mgeni anayezungumza na mwanagenzi kwa Kiingereza huzikosa, kwa sababu Kiingereza cha kijana kina "yes" peke yake mahali ambapo Kiswahili chake kina ngazi nne au tano.

Hivyo kumfundisha kijana "kujiamini" kwa kumwiga mtu wa London ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mlezi mwenyewe: ajifunze kusikia, na awe na kikao kimoja cha mradi kinachoendeshwa kwa Kiswahili, ambamo wahoji wanaotoka mwaloni watasema kwanza na wakubwa watafuata. Mpangilio huo wa zamu una thamani kuliko semina nyingi za stadi za mawasiliano.

6.0 Kurudisha matokeo

Kazi ngumu kuliko zote hupewa vijana kwa sababu wakubwa wako safarini: kurudi kwa washiriki na kuwaeleza kilichopatikana. Matokeo ya jaribio la jeli yalitangazwa Desemba 2009. Jeli haikuwa na madhara, na haikuzuia maambukizi. Katika jarida, sentensi kama hiyo huandikwa kwa utulivu. Mbele ya mama lishe aliyetoa muda wake na kuulizwa habari za ndani za mwili wake kwa miezi mingi, kila neno huuliza swali jipya. Akiambiwa "utafiti umefeli," ataona amepotezewa wakati. Akiambiwa "jeli ni salama," huenda akaendelea kuitumainia. Akiambiwa "haikufanya kazi," atauliza kama ni yeye aliyeitumia vibaya. Mwanagenzi aliyeandaliwa vizuri atakuwa amekwisha kuzijaribu kauli hizi na mlezi wake, kwa Kiswahili na kwa sauti, kabla ya kupanda basi la kwenda huko: "Jeli hii haikumdhuru mtu, lakini haina nguvu ya kukinga. Sasa tunajua, na tumejua kwa sababu ninyi mlikubali kuijaribu."