Nyonga 'kuhama': Vipimo vyatoa picha tofauti

WATU wengi wenye maumivu ya chini ya mgongo huambiwa kuwa nyonga yao "imehama", na kwamba tiba ni kuivuta au kuisukuma hadi irudi mahali pake. Wengine husikia mlio, huinuka wakiwa na nafuu, na kuamini kuwa mfupa umerudi. Vipimo vya kisayansi, hata hivyo, vinaonyesha kuwa nafuu hiyo huweza kuwa ya kweli, lakini maelezo yake sivyo.

Viungo vinavyohusika ni viwili, kimoja kulia na kingine kushoto. Hapo ndipo sakramu, yaani mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo, unapokutana na mifupa mipana ya nyonga. Kazi yake kubwa ni kupitisha uzito wa kiwiliwili kwenda miguuni. Kwa sababu hiyo, nyuso za mifupa hiyo zina vilima na mabonde yanayoshikana, na kano zinazoifunga ni miongoni mwa zilizo imara zaidi mwilini.

Mwaka 1989, Bengt Sturesson na wenzake nchini Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 25. Walipandikiza vijigololi vya madini ya tantalamu ndani ya mifupa, kisha wakapiga picha za eksirei wagonjwa wakiwa katika mikao mbalimbali. Kwa wastani, viungo hivyo vilizunguka kwa nyuzi 2.5 tu na kusogea kwa milimita 0.7, kiasi kinachokaribia unene wa kadi ya benki.

Mwaka 1998, Tullberg na wenzake, pia wa Sweden, walitumia njia hiyo kwa wagonjwa 10 kabla na baada ya kunyooshwa. Wataalamu waliowapima kwa mikono waliona kasoro kabla ya tiba, na baada yake wakaona hali imekuwa ya kawaida. Lakini picha zilionyesha kuwa mkao wa mifupa haukuwa umebadilika.

Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, mkono unaopapasa juu ya ngozi, mafuta na misuli hauwezi kutegemewa kutambua msogeo mdogo kiasi hicho. Ndiyo maana madaktari hupendelea kutumia kwa pamoja vipimo kadhaa vya kukibana kiungo ili kuona kama maumivu yale yale yatajitokeza. Inapobidi, hudungwa dawa ya ganzi ndani ya kiungo. Maumivu yakipungua sana, chanzo huaminika kuwa hapo.

Pili, nafuu baada ya kunyooshwa inaelekea kutokana na mishipa ya fahamu kutulia na misuli kulegea, wala si mfupa kurudi. Mara nyingi nafuu hiyo ni ya muda. Hivyo mgonjwa hana sababu ya kulipia safari nyingi za "kurudisha nyonga", wala kuogopa kuinama au kutembea. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio ndiyo humjengea uwezo.

Zipo hali za kipekee. Wakati wa ujauzito kano za nyonga hulegea, na baadhi ya wanawake hupata maumivu makali. Mazoezi na mkanda maalumu wa nyonga huweza kuwasaidia. Ajali kubwa, kama ya gari, huweza kutenganisha viungo hivi kweli. Hiyo ni dharura ya hospitali, si kazi ya kuvutwa.

Aidha, kuna maumivu yasiyopaswa kunyooshwa kabla ya uchunguzi. Homa, kupungua uzito au jasho la usiku huweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kijana ambaye mgongo wake hukakamaa kila asubuhi na kupata nafuu akifanya mazoezi huenda ana ugonjwa wa baridi yabisi unaoanzia katika viungo hivi. Anayeshindwa kuzuia haja, au anayekufa ganzi sehemu za siri, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anayeambiwa kuwa nyonga yake imehama anayo haki ya kuuliza: imepimwaje?