Ala ya Kisu: Kinga ya Mkono na Hifadhi ya Makali

Methali ya Kiswahili yasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Haikueleza kisu hicho hubebwaje hadi penye nyama. Katika vijiji vya Wilaya ya Moshi, kama ilivyo mahali pengi nchini, akina mama wanaokwenda kusaidia kazi za jikoni msibani au harusini huchukua visu vyao kutoka nyumbani, kwa ajili ya kumenya ndizi na kukata nyama. Visu hivyo hutiwa kikapuni vikiwa vimeviringishwa kwa gazeti au kipande cha kanga, na mara nyingine vikiwa wazi kabisa. Mtoto akipekua kikapu hicho, au mwenyewe akitia mkono bila kutazama, jeraha hupatikana kabla ya kazi kuanza.

Kinga ya hatari hiyo ni ala, yaani kifuniko cha ngozi au mbao kinachostiri bapa lote la kisu kuanzia ncha hadi kwenye kipini. Makala haya yanaeleza kwa nini visu vya wahunzi vinahitaji ala, namna ya kuitengeneza na kuitunza, pamoja na huduma zilizopo kwa wanaotaka kuigeuza kazi hiyo kuwa chanzo cha kipato.

Kisu cha mhunzi na tabia zake

Eneo la Mamba linafahamika tangu zamani kwa ufuaji wa chuma. Wahunzi wa Kichaga wa enzi hizo walipata chuma kilichoyeyushwa na wenzao wa Upare. Hivi leo hutumika zaidi chuma chakavu, hasa springi za magari. Springi ni chuma kigumu kinachokubali kunolewa na kudumisha makali kwa muda mrefu. Hata hivyo, tofauti na visu vingi vya dukani, kisu cha springi hushika kutu upesi kikiachwa na unyevu, na makali yake hupata mapengo yakigongana na vijiko na masufuria.

Aidha, visu vya kufuliwa kwa mkono havifanani. Kila kimoja kina upana, unene na mpindo wake, hivyo ni vigumu kupata kifuniko cha dukani kitakachokikaa sawasawa. Kila kisu hupimiwa ala yake. Ala iliyo bora hufanya kazi tatu: hulinda mkono, hulinda makali, na haihifadhi maji. Kazi hiyo ya tatu ndiyo husahauliwa mara nyingi.

Ala ya ngozi

Ngozi inayofaa ni ya ng'ombe, yenye unene wa takribani milimita 3, iliyosindikwa kwa dawa ya magome ya miti kama vile miwati inayolimwa Njombe. Ngozi ya namna hiyo hushika umbo inapoloweshwa na kukaushwa. Ngozi laini ya mikoba haifai, kwa kuwa haisimami yenyewe na ncha huweza kuitoboa. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromu nayo huweza kuharakisha kutu.

Kwanza, kisu hulazwa juu ya karatasi na kuchorwa umbo lake. Karatasi hukunjwa kufuata mgongo wa kisu, kisha huongezwa sentimita moja na nusu upande wa makali kwa ajili ya mshono. Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha kukatia ngozi. Kosa la karatasi halina gharama. Kosa la ngozi ni hasara.

Pili, hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi wa kuwekwa katikati ya kuta mbili za ala, upande wote wa makali. Unene wake ulingane na unene wa mgongo wa kisu. Ukanda huu ndio moyo wa ala, na ndio unaoachwa na mafundi wenye haraka. Bila ukanda huo, makali hugusa uzi kila kisu kinapoingia na kutoka, na uzi hukatika kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Siku moja kisu hupenya kwenye mshono na kukutana na kiganja cha aliyeishika ala. Ukanda ukiwapo, makali hukutana na ngozi ngumu, wala hayaufikii uzi.

Tatu, tabaka zote tatu huunganishwa kwa gundi ya viatu, kisha hutobolewa kwa msharasi, matundu yakiachana kwa milimita 5 hivi. Hushonwa kwa uzi mnene wa nailoni uliopakwa nta, kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Mshono wa namna hiyo, hata ukikatika mahali pamoja, haufumuki wote.

Mwisho, ala huloweshwa kwa maji, kisu kilichofungwa vizuri kwa nailoni huingizwa ndani, na ngozi hukandamizwa kwa vidole ifuate umbo lake. Ikishashika umbo, kisu hutolewa na ala huanikwa kivulini mpaka ikauke kabisa. Jua kali au moto wa jiko huifanya ngozi ikakamae na kupasuka.

Ala ya mbao

Majirani Wamasai wamehifadhi sime kwa muda mrefu katika ala zenye vipande viwili vya mbao ndani na ngozi nyekundu juu yake. Wazo hilo la mbao linafaa pia jikoni, hasa kwa visu vinavyokata nyama, kwa sababu ngozi hunyonya damu na mafuta na ni vigumu kuiosha.

Njia rahisi ni ya vipande vitatu. Viwili huwa kuta, na cha katikati, chenye unene uliozidi kidogo ule wa kisu, hukatwa nafasi yenye umbo la bapa. Vipande hubandikwa kwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Gundi isichuruzike ndani. Mbao iwe imekauka vizuri na isiwe na utomvu, na ndani isipakwe rangi wala vanishi, kwa kuwa kisu hicho kitagusa chakula. Tundu dogo hutobolewa karibu na ncha ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka. Nje hupakwa nta ya nyuki.

Jaribio la kukamilisha kazi ni moja kwa ala zote mbili: ala huinamishwa juu ya meza na kutikiswa taratibu, mikono ikiwa mbali na kipini. Kisu kikianguka, ala hiyo haijawa tayari kukabidhiwa mtu.

Matunzo

Kisu huoshwa kwa maji na sabuni, hufutwa kikauke kabisa, kisha ndipo huingizwa kwenye ala. Kisu kibichi kikifungiwa hushika kutu kuanzia kesho yake. Ala ya ngozi ni ya kubebea. Kisu kisiachwe humo kwa wiki nyingi, maana ngozi hunyonya unyevu wa hewa. Hata kikiwa ndani ya ala, kisu kiwekwe mahali ambapo watoto hawafikii.

Endapo mtu atajikata, jeraha libanwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Lisipakwe udongo, kahawa wala mafuta ya taa. Mwenye jeraha la kina afike zahanati au kituo cha afya mapema, ambako pia atashauriwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Huduma kwa wajasiriamali

Ala ni kazi inayoweza kuwaunganisha wahunzi, mafundi viatu na maseremala wa kata moja. Kisu kinachouzwa pamoja na ala yake humfikia mnunuzi kikiwa salama na chenye makali. Vikundi vinavyotaka kuanza vimuone Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata kwa maelekezo ya usajili na maombi ya mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masuala ya leseni hushughulikiwa na Afisa Biashara. Kwa upande wa mafunzo na ushauri, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi ya mkoa mjini Moshi.

Kwa familia ambayo haijapata ala, kadibodi ngumu iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kwa gundi ya karatasi, mdomo wake ukiachwa wazi, itasaidia kwa muda. Ibadilishwe mara inapolowa au kutoboka. Kikapu kinachokwenda msibani kesho kisibebe kisu kilicho wazi.