Kijana Akiuliziwa, Semeni Kweli

Katika ada za ndoa zetu sisi watu wa pwani, kuna moja isiyotangazwa kwa ngoma wala kwa kadi, nayo ni kuulizia. Posa ikija, kabla ya wazee kutoa jawabu, mjomba wa binti hupita kwenye msikiti anaposali yule kijana, akakaa kidogo barazani kwa jirani zake, akaagiza hata kikombe cha kahawa asichokitaka, ili apate kujua huyo aliyeposa ni mtu wa namna gani. Ada hii ni njema mno. Lakini siku hizi jawabu analopewa mjomba ni lile lile kila abishapo hodi: "Ni kijana mzuri, hatuna neno naye."

Mimi mwenyewe nimepata kulitoa jawabu hilo, na naliandika hapa kwa haya. Kijana aliyeuliziwa nilimjua tangu utotoni. Nilijua kuwa kazi yake ilikwisha kitambo, na kuwa alikuwa ameanza kutumia unga. Nikasema ni mzuri. Nilijiambia kuwa kumtaja ni kumsengenya, na tena ni kumharibia riziki yake. Ndoa haikumaliza mwaka wa pili. Binti wa watu alirudi kwao na mtoto begani, na yaliyobaki wakaenda kuyamaliza kwa Kadhi.

Je, ni kweli kuwa ni kusengenya? Hebu tutazame yaliyompata Fatima binti Qays, ambayo yamepokewa katika Sahihi ya Muslim. Bibi huyu alipomaliza eda yake aliposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Mtume hakumwambia kuwa wote ni wazuri. Alimwambia kuwa Muawiya ni fukara asiye na mali, na Abu Jahm haishushi fimbo yake begani. Baadhi ya wanazuoni wamefasiri kuwa alikuwa mpigaji wanawake, na wengine kuwa alikuwa mtu wa safari nyingi. Akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Fatima kwanza hakupendezewa, akarudiwa kuambiwa, akakubali, na baadaye akasimulia mwenyewe kuwa Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa ile hata akaonewa wivu.

Imam Nawawi, katika kitabu chake cha Riyadhus Salihin, ameieleza habari hii katika mlango wa usengenyaji ulioruhusiwa. Ametaja sababu sita, na mojawapo ni kumnasihi mtu anayetaka shauri juu ya ndoa, au juu ya mtu anayetaka kushirikiana naye. Basi ule udhuru wangu wa barazani haukuwa na mguu wa kusimamia.

Tena angalieni, aibu moja iliyotajwa pale ilikuwa ya mfuko, na nyingine, kwa tafsiri moja, ya tabia. Kazi na ndoa viliulizwa pamoja. Sisi tumevitenga. Zamani binti alikuwa na somo wake, ambaye kwa kawaida hakuwa mama mzazi, kwani mama huona haya. Somo ndiye aliyemfundisha mambo ya hedhi, ya janaba, na ya kukaa na mume. Mvulana naye alipelekwa kwa fundi, seremala au mshoni, na fundi hakuwa na haya ya kumwambia kuwa mkono wake haufai kwa randa. Leo tunasema shule itafanya yote hayo. Mwalimu wa ushauri shuleni huwa naye ana masomo yake ya kusomesha, na foleni mlangoni.

Ndiyo maana utamkuta kijana amepata D+ katika mtihani wa kidato cha nne, naye mwaka wa pili huu yuko nyumbani, baba yake akiwaambia majirani kuwa anangoja barua ya chuo kikuu. Barua gani? Chuo kikuu kwa shahada kinataka C+. Jamaa zote wanajua, na hakuna anayemwambia kuwa chuo cha ufundi kiko wazi. Na dada yake akija na karatasi za wakala anayempeleka Saudia, tunampongeza na kumfungia maandazi ya safari, bila ya kumwuliza kama mkataba ameusoma, au kama wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri.

Kusema kweli si kukatisha tamaa. Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alifaulu mtihani wake wa shule kwa daraja la tatu, nayo haikumfikisha Makerere. Baba yake, Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu, alitaka mwanawe aende Al-Azhar, lakini alifariki mwaka 1947. Kijana akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Siku moja alihutubia katika sherehe ya Maulidi, na Gavana Philip Mitchell alikuwapo akimsikiliza. Kutoka hapo ndipo ulipopatikana msaada wa masomo wa kwenda Huddersfield, Uingereza, hata akafikia udaktari wa Oxford mwaka 1966. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Makerere ilikwisha mfanya profesa. Daraja la tatu halikufichwa. Ila alitokea mtu aliyemsikiliza kijana akisema.

Juzi nimeuliziwa tena. Safari hii ni kijana mchomeaji vyuma, mwenye kazi yake na sala zake. Nilimwambia mjomba mtu yote hayo, kisha nikaongeza kuwa ana deni la pikipiki ambalo hajalimaliza, na kuwa ni mwepesi wa hasira. Mjomba alinyamaza, akamaliza kahawa yake, akaaga. Nasikia posa imekubaliwa, kwa sharti deni lilipwe kwanza, na harusi imewekwa mfungo mosi. Bwana harusi mpaka leo hanisalimii.