Je, "Mwingereza" na "Mzungu" ni Visawe?

Tunapofundisha historia ya Kiswahili, aghalabu tunagusia Vita Vikuu vya Pili (1939–1945) na Kiswahili cha Keya kilichozungumzwa na askari wa KAR waliopelekwa Burma. Lakini wanafunzi wakiulizwa ni akina nani waliofanya kazi ya vita ndani ya Uingereza kwenyewe, hujibu upesi: "Wazungu." Makala haya yanaonyesha kwamba jibu hilo lina kasoro.

Tuanze na Lilian Bader, mwanamke mweusi aliyezaliwa Liverpool mwaka 1918. Vita vilipoanza alipata kazi katika kantini ya jeshi, kisha akaachishwa kwa kuwa baba yake alitoka Karibiani. Hata hivyo, mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, akawa fundi wa vipimo vya ndege.

Wengine walitoka makoloni. Wakata miti wapatao 900 wa Honduras ya Uingereza (leo Belize) walikwenda kukata miti katika misitu ya Scotland. Una Marson, mshairi wa Jamaika, aliajiriwa na BBC mwaka 1941. Kupitia kipindi chake, askari wa Karibiani waliokuwa Uingereza walituma salamu nyumbani. Mwaka 1943 alianzisha kipindi cha fasihi, "Caribbean Voices", kilichodumu hadi 1958 na kuwainua waandishi wengi.

Naye Learie Constantine, mchezaji kriketi wa Trinidad, alikuwa afisa wa Wizara ya Kazi aliyeshughulikia ustawi wa wafanyakazi kutoka Karibiani. Mwaka 1943 alikataliwa katika hoteli moja ya London kwa sababu ya rangi yake, ilhali alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Alishtaki, akashinda mwaka 1944. Hata hivyo, alishinda kwa kanuni ya zamani inayomtaka mwenye hoteli kupokea wageni; sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi ilipitishwa mwaka 1965.

Ndugu mwalimu, tunaposahihisha insha, tusiyapitishe maneno "Mwingereza" na "Mzungu" kana kwamba ni visawe. La kwanza hutaja nchi, la pili hutaja asili. Lilian Bader alikuwa Mwingereza tangu kuzaliwa, lakini waliomfukuza kantini walifanya kosa lile lile tunalolikuta katika madaftari ya wanafunzi wetu.