Hedhi ikikoma, msitukalishe kitako

Kwetu Pwani, mama akishapita hamsini na hedhi ikakoma, watoto huanza kumpokonya kazi. "Mama, wewe kaa kitako, tutafanya sisi." Ni mapenzi, sikatai. Lakini huo ndio wakati mwili wetu unapohitaji kutumika zaidi.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua sana mwilini. Homoni hii ndiyo iliyokuwa ikilinda mifupa. Ikipungua, mfupa humomonyoka kwa kasi kuliko unavyojengwa, hasa miaka ya mwanzo. Misuli nayo hulegea. Ndipo mama huteleza chooni, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kushikwa mkono.

Wanawake wenzangu huniuliza: je, tutumie homoni? Tiba hiyo hutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, na huhifadhi mifupa. Mwaka 2002, sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ilisimamishwa mapema. Waliopewa homoni mbili kwa pamoja walizidi kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Wengi wakaogopa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba umri una uzito wake: kwa mwenye afya njema aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu ikome, faida mara nyingi huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kiharusi kwa kawaida hapewi. Kwa hivyo si dawa ya kuazimana na jirani, muulize daktari.

Hata hivyo, homoni haitembei kwa niaba yako. Nguvu za misuli na uimara wa kusimama huja kwa kujitumia. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2. Tembea kwa haraka Mama Ngina alfajiri, panda ngazi, inuka kitini mara kumi bila kujishika. Kuogelea kwafaa moyo, ila mfupa hutaka kubeba uzito. Ambaye mifupa yake imeshadhoofika aanze kwa ushauri wa daktari.

Nanyi watoto wetu, badala ya kutuambia tukae, tokeni mtembee nasi.